Nilimjeruhi mnyama nikamkosa, sasa mjomba anataka tukajaribu tena porini

Shikamoo Babu,

Mimi ni kijana wa Nachingwea, umri miaka 34, nina mke na watoto, kwa sasa naishi Michigan kule Marekani nafanya kazi kwenye ghala la spea za magari, ila hapa nakuandikia nikiwa nyumbani likizo na nategemea kurudi mwisho wa mwezi wa pili. Naomba usitaje kijiji chetu maana huku kila mtu anamjua mwenzake na wengi wanasoma safu yako.

Babu, kwetu ni ukoo wa wawindaji. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa upinde, kuanzia kwetu mpaka njia ya Liwale walikuwa wanamjua, na mimi nimekuzwa na habari zake kwamba alikuwa anaondoka na mishale mitatu anarudi na mishale mitatu na nyama juu, hajawahi kukosa hata siku moja. Mimi sikumkuta akiwinda, alishazeeka na serikali ilishakaza, nilichokuta ni upinde umechomekwa juu darini na podo la mishale limeliwa na mchwa. Sisi tulioishi naye tuliishia kwenye manati na mitego ya panya mashambani. Lakini mimi ndo nimerithi jina lake, na mjomba tangu niko mdogo ananiita kwa heshima ya hilo jina.

Sasa kule kazini nikazoeana na mzee mmoja wa Kimarekani ambaye kila mwaka anawinda kulungu wa kule kwa upinde, wale wenye mkia mweupe kwa chini, dume lake lina pembe zenye matawi ambazo zinadondoka kila mwaka alafu zinaota upya. Nikamwambia habari za babu, akanichukua kama mwanae. Nikasoma darasa la usalama la wawindaji, nikalipa leseni, nikanunua upinde wa kisasa wenye puli, na kiangazi chote nikawa nalenga shabaha nyuma ya nyumba yake mpaka ikafika hatua kwa mita 25 mishale yote inaingia kwenye duara la kisahani cha chai. Huku nyumbani nikawa natuma video kwenye grupu la ukoo, watu wanashangilia, mjomba anatuma voisi ndefu analia kwa furaha, anasema mzee amerudi.

Michigan msimu wa upinde unaanza Oktoba 1, na Novemba 15 ndo wanaingia wenye bunduki. Mimi siku yangu ilikuwa Novemba mwanzoni, kipindi madume yanahangaika na majike mchana mpaka jioni. Nilikuwa juu ya dungu, nimejifunga mkanda wa usalama kwenye mti, upepo unanijia usoni, kila kitu mzee alichonifundisha nimekifanya. Jioni kama saa kumi na moja dume likaja, likasimama ubavu wote uko kwangu, mita 25 kasoro kidogo, linakula. Nikavuta upinde. Likainua kichwa, masikio yakasimama, ila halikukimbia. Nikaweka alama nyuma ya bega pale kwenye mapafu nikaachia. Babu naapa ule mshale ulikuwa unaenda pale pale, lakini palepale mnyama akashuka chini mwili mzima, mshale ukampiga juu kwenye mgongo, akaruka akaondoka nao.

Tulikaa nusu saa kwanza, ndo utaratibu. Alafu tukaanza kufuata damu kwa tochi, mimi na mzee. Pale aliposimama tulikuta manyoya marefu magumu yenye ncha nyeusi, mbele kidogo nusu ya mshale imevunjika, damu nyekundu ya kung'aa matone matone, kisha tone moja kila hatua kadhaa, kisha hakuna, tukawa tunapiga magoti tunapekua majani yaliyodondoka ambayo na yenyewe yana madoa mekundu mpaka macho yanauma. Saa sita usiku tukaacha. Asubuhi akaja jamaa mwenye mbwa wa kufuatilia amefungwa kamba, mbwa akaenda zaidi ya kilomita moja, akavuka kijito, akapoteza. Basi. Mzee hakunilaumu hata neno moja, alisema tu kwangu mimi huyu mnyama tumeshamchukua, akaenda akatundika upinde wake mwenyewe msimu mzima na sheria haikumlazimisha. Hilo ndo lililonivunja kabisa. Na mimi nikatundika wa kwangu.

Tangu hapo sijakaa sawa. Nilijiona mtu, mrithi wa jina, nikajikuta si kitu chochote mbele ya mnyama ambaye hata jina hana. Usiku namuwaza yuko wapi, amekufa taratibu kwenye baridi ile au yupo. Mke wangu anasema ni mnyama tu, mbona mbuzi wanachinjwa kila siku, mimi nashindwa kumuelewesha.

Sasa nimefika nyumbani, kila kijiwe naitwa Mwindaji. Hakuna aliyeniuliza kama nilipata au nilikosa, wamejijazia wenyewe, na mimi nimekaa kimya. Na mjomba ameenda mbali zaidi, amechongesha upinde mpya, chembe za chuma za mishale kamtengenezea fundi, amewaita watu wawili wanaojua njia, na Jumamosi hii inayokuja anataka tuingie porini upande wa Liwale tukapige hata funo au pongo, anasema damu ya mzee lazima ijioneshe nyumbani kabla sijaondoka. Kuna sehemu ya moyo wangu inataka kwenda, naona kama nikipata mmoja huku ule uzito utatoka. Sehemu nyingine inaogopa. Mama anasema nisimkatalie kaka yake, na unajua huku kwetu neno la mjomba linavyokuwa.

Naomba uniambie ukweli Babu. Nilikosea wapi, niende na mjomba au nisiende, na ule upinde niuuze nikirudi au niendelee, maana nafsi inakataa na inataka. Na kuna mtoto wa dada yangu ana miaka 11 kila siku ananiganda nimfundishe, huyo nimwambie nini?

Ni mimi mjukuu wako, Nachingwea.

*

Marahaba mjukuu wangu, na pole.

Umejimwaga mwenyewe mbele yangu na mimi sitakuzungusha. Jumamosi usiende. Hilo nalisema mwanzo kwa sababu lina siku yake na mengine yanaweza kusubiri. Mimi kabla ya kukaa kuandika hii safu nilikuwa bwana nyama, yani askari wa wanyamapori, kazi yangu ilikuwa mapori ya huku huku kusini, na watu wa aina ya mjomba wako nimekaa nao usiku kucha kwenye moto wa doria wakiwa wamefungwa mikono. Wengine niliwapeleka polisi mimi mwenyewe. Na nikuambie kitu, sehemu kubwa ya wale hawakuwa majangili, walikuwa watu wazima wenye jina kijijini ambao walitaka kuonesha kitu fulani kwa kijana fulani. Naumia mpaka leo nikiwakumbuka.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009 haiangalii ulibeba mshale au bunduki. Kuwinda bila leseni ni kosa, kukutwa na nyama bila kibali ni kosa lingine la peke yake, ndo ile watu wanaita kesi ya nyara za serikali, na funo mmoja kwenye salfeti anatosha kabisa. Na kule upande wa Liwale inategemea mnaingilia wapi, unaweza kuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ambayo ilikatwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na humo hakuna kuwinda kwa mtu yeyote, au unaweza kuwa ndani ya Magingo ambayo ni eneo la jumuiya, wanavijiji wenyewe wa Liwale ndo wanalitunza, yani mnaenda kuwachukulia jirani zenu. Wewe una kazi nje na una tiketi ya mwezi wa pili. Ukikamatwa Jumamosi, mwezi wa pili utakukuta unaenda mahakamani kusikia kesi imesogezwa tena.

Na usidhani watawaonea huruma kwa sababu mna upinde wa mti. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970, sensa ya 2013 ikakuta wamebaki 13,000 hivi, ujangili umewamaliza. Askari waliobaki kwenye kazi baada ya kuona hali ile hawachezi na mtu yeyote anayekutwa porini na silaha, na mimi siwalaumu.

Alafu kuna sababu yangu nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko hata hiyo ya sheria. Unasema ukipata mmoja huku uzito utatoka. Hautatoka. Mnyama wa Liwale hana deni lolote na habari za Michigan, unataka afe ili wewe ulale. Na sa hivi mvua zimeshaingia, majike wengi wana watoto wachanga majanini, mtu yeyote aliyewinda kwa adabu hapo zamani alikuwa anajua kipindi hiki unaliacha pori lipumue. Na ukimjeruhi huyo naye akakimbia, na upinde huo hujawahi hata kuufanyia mazoezi, utarudi kwenye ndege na wawili kichwani badala ya mmoja.

Haya, sasa tuje kwa yule dume.

Umeniuliza ulikosea wapi na mimi nimeisoma barua yako mara ya pili na ya tatu natafuta hilo kosa, sijaliona kwenye mkono wako. Nikueleze kilichotokea pale maana naona hakuna aliyekaa na wewe akakufafanulia. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa upinde wa puli unaenda kama mita 80, wenye nguvu sana 90. Kwa hiyo kwa umbali wako wa mita 25, ule mlio wa upote, yani kamba ya upinde, ukiachia unamfikia mnyama ndani ya sehemu 7 za mia za sekunde, lakini mshale wenyewe unahitaji sehemu 31. Hapo katikati ana karibu robo nzima ya sekunde amesikia na mshale bado uko njiani. Yeye hajui kama ni mshale, hakwepi chochote, anataka tu kukimbia, na mnyama wa miguu minne hawezi kuchomoka kabla hajakunja miguu kwanza, akikunja miguu mwili unashuka. Na kitu chochote kinachoanguka, ndani ya sehemu 20 za mia za sekunde kinashuka sentimita 20 hivi, ambayo ni shubiri yako ile ya mkono. Sasa weka alama kwenye mapafu, panda juu shubiri moja, umefika wapi? Umefika mgongoni. Mshale wako ulienda ulikotumwa, mnyama ndo aliyeshuka chini yake.

Wawindaji wa pinde huko wote wanalijua hili na mzee wako analijua, ndo maana hakukulaumu. Lakini lipo la kujifunza na nalisema kwa upendo: yale masikio yaliposimama, pale mlango ulifungwa. Mnyama anayekula kichwa kiko chini anachelewa kidogo kushtuka, mnyama aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio ameshajiandaa tayari, bado kuambiwa tu. Siku nyingine akifanya hivyo shikilia, au shusha upinde polepole umuache aende zake. Ule upinde wa puli faida yake ni hiyo, ukishavuta mpaka mwisho uzito unapungua sana, unaweza kusubiri. Na sogea. Mita 15 badala ya 25, hapo mshale unahitaji sehemu 19 tu, hapati muda wa kushuka shubiri nzima. Mshale mzito kidogo nao unasaidia, upinde unapiga kelele ndogo.

Kuhusu kama amekufa. Nimekusoma vizuri: manyoya marefu magumu yenye ncha nyeusi, hayo ni ya mgongoni, ya tumboni yangekuwa meupe. Damu ya kung'aa, matone, ikakata. Ingekuwa mapafu mngekuta damu ya waridi yenye povu na msingeenda mbali mngemkuta amelala. Ingekuwa ini ingekuwa damu nzito ya kuiva kabisa, na angehitaji saa kadhaa. Ingekuwa utumbo mngesikia harufu, mshale ungekuwa na uchafu wa kijani, huyo ndo anakufa taratibu na ndo anayestahili kukunyima usingizi. Wako alipigwa kwenye mnofu wa juu ya uti wa mgongo, na mnyama wa namna hiyo akavuka kilomita nzima na kijito, mara nyingi anapona. Mimi mwenyewe nimewahi kumkuta kuro anakula majani na wenzake, chembe ya chuma imo kwenye nyonga, kidonda kimeshafunga na manyoya yameota juu yake. Nilisimama nikamwangalia muda mrefu sana. Wana nguvu hawa viumbe kuliko tunavyowapa.

Kwa hiyo ukimuwaza usiku, muwaze na hivyo pia.

Sasa kuhusu babu yako, na hapa mjukuu wangu naomba unisikilize bila kukasirika maana namheshimu marehemu. Ule msemo kwamba hajawahi kukosa umekubana kuliko hata yule kulungu. Wewe unajipima na mtu ambaye hata yeye mwenyewe hakuwahi kuwepo namna hiyo. Wazee wetu wa upinde, huku na ng'ambo ya Ruvuma, wengi walikuwa wanatumia sumu kwenye mshale. Kuna mmea Strophanthus, unaota huku kwetu kusini mpaka Zambezi, na daktari John Kirk aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858 ndo aligundua kwamba sumu ile inagusa moyo, mapigo yanabadilika, mpaka baadaye wenzetu wakaitolea dawa ya moyo, strofanthini. Sasa elewa maana yake. Mshale wenye sumu ukimpata mnyama kwenye paja, mzee anakaa anavuta ugoro wake, anafuata nyayo bila haraka, anamkuta mbele. Wewe mshale wako hauna kitu, unaua kwa kukata na kutoa damu peke yake, lazima ufike mapafuni au moyoni, ukipita shubiri moja juu umemkosa. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Na ile ya sumu leo imekatazwa na sheria, na ni sawa ikatazwe.

Na bado nakuhakikishia walikuwa wanapoteza. Nimeongea na wazee wengi waliowinda ujana wao, na ukikaa nao wawili tu, ugoro upo, usiku umeenda, hawakuhadithii waliowapata. Wanakuhadithia aliyewaponyoka. Ila hayo hawayasemi mbele ya watoto, watoto wanasikia ya nyama tu, ndo na nyie mkakua na babu asiyekosa. Mishale mitatu inatoka mitatu inarudi... mwenye mshale unaorudi kila siku hatembei na podo.

Nikirudi kwa mjomba. Kumkatalia mjomba huku kwetu si jambo dogo, najua, ukoo unafuata kwa mama na yeye ndo mwenye neno. Kwa hiyo usimkatalie, mwambie habari yote. Tofauti ni kubwa. Anza na mama kwanza, leo hii usiku, mueleze ya Michigan kama ulivyonieleza mimi, na umueleze pia kinachoweza kukupata Jumamosi, kwamba kazi inaweza kwenda na mwanae akabaki mahabusu. Mama yako ni dada wa huyo mtu, neno lake linafika mahali ambapo lako halifiki. Nadhani alisema usimkatalie kwa sababu hajui kinachokusibu.

Alafu wewe nenda kwa mjomba asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kuingia kwake, peke yako, usimwandikie kwenye grupu na usimpigie simu. Muanzie hivi, mjomba nina habari ya porini sijakuambia. Mpe yote, masikio yalivyosimama, alivyoshuka, matone, tochi, mbwa, na yule mzee alivyotundika upinde wake bila kulazimishwa. Usianze na habari za sheria, akisikia sheria ataona unamuogopesha na ubishi utaanza hapo. Habari ya mnyama aliyepotea atakusikiliza, huyo ni mtoto wa mwindaji. Na muulize mzee alikuwa anafuataje damu ikikata, alikuwa anaanzia wapi, alikuwa anafanya nini akimkosa kabisa. Nina imani kuna kitu atakuambia ambacho hujawahi kukisikia.

Ila kuna kitu kimoja ukiangalie sana, ameshawaita watu wawili. Hata akikuelewa, ana aibu ya kuwarudisha. Usimuache kwenye kona hiyo, muachie yeye ndo aahirishe kwa kauli yake, aseme mvua, aseme mgeni, aseme anavyojua, wewe usiende kijiweni kusema mimi nimekataa. Upinde aliouchonga uchukue kwa mikono miwili na umshukuru, maana pesa imetoka na moyo pia. Na kama hamu yake ni ya kweli kabisa, siku nyingine mwende wote wawili ofisi ya wanyamapori ya wilaya mkaulize utaratibu wa leseni, mlangoni, mchana kweupe.

Mwambie pia hili, huenda likamgusa. Hao kulungu wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1900 walikuwa karibu wanaisha, wanakadiriwa walibaki kama 500,000 nchi nzima, watu walikuwa wanapiga tu na kuuza nyama sokoni. Leo wako makumi ya milioni. Waliweka misimu, waliweka leseni, na mwaka 1937 wakaweka sheria kwamba bunduki na risasi zikiuzwa kuna kodi inakwenda kurudisha wanyama, bunduki ndefu na risasi ni asilimia 11, mwaka 1972 wakaingiza na pinde na mishale. Yani hata wewe ulivyonunua ule upinde sehemu ya hela yako ilienda huko. Wewe umepata dume la kulivutia upinde kwa sababu kuna watu waliozaliwa kabla ya babu yako walikubali kuzuiwa.

Mkeo usimkasirikie. Anakuona unateseka anatafuta neno la kukutua, hilo ndo alilolipata. Mueleze mara moja tu vizuri kwamba hulii nyama, unalia kwamba ulimuumiza kiumbe ukashindwa kumaliza, atakuelewa.

Upinde usiuze sa hivi. Siyo kwamba lazima uendelee, ukikaa mpaka msimu ujao ukaona moyo umekataa basi acha na hakuna atakayekudai, lakini uamuzi wa kuuza ukiufanya na uchungu huu utajutia. Na ukiendelea, badilisha mazoezi. Mambo ya kupiga mishale mingi mfululizo mkono ukishapata moto yanakudanganya, maana porini unapata mmoja tu na mkono una baridi. Toka asubuhi, vaa jaketi lako lote la porini, panda juu kwenye dungu, piga mshale mmoja, teremka, nenda kazini. Huo mmoja ndo wewe halisi. Ukiona kwa mita 15 huo mmoja kila asubuhi unaingia, hapo una haki ya kukaa kumsubiri mnyama. Na jiwekee kabisa kabla hujapanda, kwamba kichwa kikiwa juu siachii, hata liwe dume la ndoto zako. Yule mzee nenda kamwambie unayoyaona usiku, naye ana wake anaowaona, mtu asiyewaona hatundiki upinde msimu mzima.

Na huyo mtoto wa miaka 11 mfundishe, tena anza kabla hujaondoka. Upinde mdogo wa mwanzi, mishale isiyo na chembe, salfeti mlijaze matambara mlitundike kwenye mkorosho, hatua kumi. Mkazie kwamba hakuna kulenga ndege, kuku wala mbwa wa jirani, na hakuna kuvuta kama kuna mtu amesimama nyuma ya shabaha. Wiki nzima akipiga vizuri kaa naye chini ya huo mkorosho umhadithie yule dume, yote, mpaka pale mbwa alipopoteza, usiruke kitu. Akikuuliza alikufa au hakufa, mwambie manyoya yalikuwa ya rangi gani na damu ilikuwaje, mwache afikirie mwenyewe.